Fundo la Shemeji

Wapaka rangi wa majengo marefu wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na ukikuta mtu kaiandika ujue huyo hajawahi kuning'inia hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Sheria yenyewe ni hii: anayeshuka ukutani hajifungii kamba. Anafungiwa na mwenzake juu ya paa, naye anageuza uso pembeni kama mtu aliyemkuta mkwewe anaoga. Akishafungiwa, haangalii. Kuliangalia fundo la mwenzako ni kumtukana, tena tusi la nguoni lina nafuu. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia kwamba mtu akijifungia mwenyewe anakuwa na haraka ya kushuka amalize, lakini akimfungia mwenzake anamwona mke wa mwenzake na watoto wake wamejipanga pale pembeni wanamtazama mikono. Wasomi wakisikia hivyo wanatikisa vichwa. Waache watikise. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, na hili nililielewa mara moja.

Basi katika kazi hiyo alikuwepo bwana mmoja wakimwita Mjusi. Jina lilimkaa kama ngozi. Alikuwa mwembamba, vidole virefu, na ukutani alitembea kama vile chini ndiko kwenye hatari. Alikula akiwa ananing'inia. Aliimba, vibaya. Akipita kwenye dirisha la ofisi aligonga kioo na kuwapungia mkono makarani, wao wakishika vifua kwa mshtuko, yeye akicheka mpaka ndoo ya rangi ikayumba. Urefu haukumtisha hata kidogo. Kitu pekee alichokiogopa duniani ni sindano, na kuna nesi mmoja aliwahi kumkimbiza korido nzima mbele ya wagonjwa, lakini hayo tuyaache, bwana mwenyewe yu hai na anaona aibu.

Mwenzake wa kamba alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Mtu wa mabega mapana, mzito wa kusema, ukimwuliza jambo asubuhi unaweza kupata jibu baada ya chakula. Ndiye aliyemfundisha Mjusi kufunga fundo, na katika kumfundisha, kwenda kwake na kurudi kwake, akajikuta amempa na dada. Miaka yote hiyo walifungiana. Na kila Shemeji alipomaliza kumfunga, alimpiga Mjusi kofi la begani na kusema maneno yaleyale: "Nenda, uko nyumbani." Ndipo Mjusi anavuka ukingo wa paa.

Sasa sikilizeni lilipoharibikia.

Kwenye jengo walilolipaka kabla ya hili la kisa chetu, walikuwa wananing'inia bega kwa bega, Mjusi akaona brashi ya Shemeji imesimama ukutani haiendi. Kumtazama, macho yamekodoa hayaoni, jasho linamtiririka. Giza lilikuwa limemwingia. Mjusi akajisukuma kwa miguu, akamfikia, akamkumbatia pale hewani mpaka giza likapita. Walipofika juu Shemeji akamkamata ukosi wa shati.

"Shem, hili lisiende kokote."

"Limeishia hapahapa," Mjusi akajibu, na wakati anasema alimaanisha.

Halafu ikaja kazi ya jengo hili refu, na msimamizi wao akawa anatafuta fundi kiongozi. Msimamizi huyu walimwita Bosi Kofia, maana kofia yake ngumu hakuivua hata chooni. Kila mtu alijua cheo ni cha Shemeji. Bosi Kofia akamwita Mjusi kibandani, kwa nia ya kuthibitisha tu, akamwuliza, "Huyu mkubwa wako unamwonaje?"

Mjusi angeweza kusema "ni fundi" akatoka. Lakini kofia nyekundu ya kiongozi ilikuwa mezani, mpya, bado ina karatasi yake. Akajisikia anasema, tena kwa sauti ya huruma kabisa, "Mimi namhurumia tu, bosi. Siku hizi akiwa juu macho yanamwingia giza. Sitaki siku moja tumwokote chini."

Hakusema uongo. Ndiyo maana yalitoka laini, kama kitu kilichopakwa mafuta.

Jumatatu ilipofika kofia nyekundu ilikuwa kichwani kwa Mjusi. Shemeji aliondolewa ukutani kabisa. Akapewa kazi ya kukaa juu ya paa, kufunga kamba na kuzilinda. Kamba za nani? Za Mjusi. Siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa anashuka upande ule.

Hapo mnielewe vizuri. Siri ile waliijua watu wawili tu. Mmoja ni mwenye nayo.

Asubuhi hiyo nyumbani kwa Mjusi, mkewe alikuwa anafunga vyakula vya mchana kwenye vikopo viwili, kimoja cha mume, kimoja cha kaka, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa anabamiza vifuniko.

"Kaka yangu wamemshusha," akasema.

"Nimesikia."

"Umesikia? Si wewe uliyepandishwa?"

"Mambo ya wakubwa hayo, mke wangu. Mimi nimeambiwa tu vaa kofia."

"Kuna mtu kamchongea." Akageuka na kijiko mkononi. "Nitamjua. Na siku nikimjua, hata awe nani, kwangu hataingia tena. Wewe hujui ni nani?"

"Nitajuaje mimi?"

Mjusi akabeba vikopo akatoka. Njiani aligundua kwamba amevaa viatu bila soksi.

Juu ya paa Shemeji alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamba imezungushwa vizuri miguuni pake. Hakununa. Hakutabasamu pia. Akapokea kopo lake, akasema, "Mwambie dada ahsante."

"Shem, hii kofia mimi sikui..."

"Geuka," Shemeji akasema. "Nikufunge."

Mjusi akageuka pembeni kama sheria inavyotaka. Siku zote kufunga kulikuwa kitu cha pumzi chache: kamba inazunguka bomba nene la chuma, inapita, inarudi, inakazwa, kofi, maneno. Safari hii ilichukua muda. Alisikia kamba inakwaruza chuma, inatulia, inakwaruza tena. Alimsikia Shemeji akivuta pumzi puani. Akangoja kofi la begani. Halikuja.

"Tayari," Shemeji akasema.

Tayari. Basi. Hakuna "nenda", hakuna "nyumbani".

Siku nyingine kungekuwa na kamba ya pili ya akiba, lakini Bosi Kofia alikuwa ameiazimisha kwenye jengo jingine, ingerudi kesho, na kesho ya Bosi Kofia wote mnaijua. Kwa hiyo kibao anachokalia, mkanda wake wa kiunoni na ndoo yake ya rangi, vyote vilitegemea kamba moja, na kamba ilitegemea fundo, na fundo lilitegemea moyo wa mtu asiyesema.

Mjusi akavuka ukingo.

Kwa mara ya kwanza maishani aliona chini. Siku zote chini ilikuwepo, ila hakuwa na haja nayo. Sasa aliiona na magari yake, na mwanamke anayefagia mbele ya duka, na mwavuli mmoja mwekundu, vyote vidogo na vimenyamaza. Akayaondoa macho, akayaweka ukutani. Akachovya rola. Rangi ikamdondokea magotini. Kila kibao kilipoyumba kidogo aliikamata kamba kwa mikono miwili. Kamba ililia kwenye ukingo, mlio mdogo wa kamba zote, ambao ameusikia maisha yake yote, na leo ulikuwa kama mtu anayesaga meno.

Akawa anahesabu dalili, kama mgonjwa. Kwa nini hakusema maneno yake? Kwa nini alichelewa kufunga? Kwa nini hakugombana? Mtu aliyesalitiwa si anafoka? Si anakukunja shati? Angemtukana tu, Mjusi angeshukuru. Ngumi ya mdomo ingekuwa zawadi. Lakini "mwambie dada ahsante"! Nani anasema ahsante siku kama hiyo, kama si mtu ambaye ameshaamua lake?

Akajaribu kupima. Akapaza sauti kwenda juu, "Shem! Upo?"

Kichwa cha Shemeji kikatokea ukingoni, cheusi kwa jua lililokuwa nyuma yake. "Nipo."

"Kamba iko sawa?"

Asubuhi yote hakufanya kosa kubwa kama hilo. Hilo ni swali ambalo halijawahi kuulizwa kati yao. Kichwa kilikaa pale kinamtazama muda mrefu.

"Unaionaje wewe?" Shemeji akauliza, akarudi nyuma.

Mchana Mjusi akapanda kula. Shemeji alikuwa anamenya chungwa kwa kisu. Kisu kile Mjusi alikifahamu, ndicho walichokatia kamba. Shemeji alimenya taratibu, ganda likashuka refu bila kukatika, huku amekalia mzunguko wa kamba.

"Huli?" Shemeji akauliza.

"Tumbo."

"Tumbo linataka nini?"

"Halitaki kitu."

"Lilikuwa linakula hata likiwa hewani," Shemeji akasema, akamkatia kipande cha chungwa, akamnyooshea kwa ncha ya kisu. Mjusi alikichukua kwa vidole viwili kama anayetoa kitu kinywani mwa mbwa. Akakishikilia. Hakukila.

Shemeji akainuka, akafuta kisu kwenye suruali. "Nateremka kujaza maji ya kunywa. Usishuke mpaka nirudi."

Akaingia mlango wa ngazi, na Mjusi akabaki peke yake na fundo.

Mimi nitasema ukweli, na anayejiona jasiri kuliko Mjusi na ajitokeze nimpige picha: wewe ungeangalia. Mimi ningeangalia. Akakaribia lile bomba kinyumenyume kwanza, kama vile anatazama mandhari. Kisha akageuka.

Halikuwa fundo lao.

Alilijua fundo lao kama anavyoijua sahani yake ya nyumbani. Hili lilikuwa jingine. Lilikuwa na vitanzi mahali pasipo na vitanzi, ncha ya kamba imepotelea ndani, imetokea upande usio wake, imezunguka tena. Mjusi alilitazama mpaka masikio yakaanza kuvuma. Basi ndiyo hiyo. Hakufanya makosa kuogopa. Mtu amekaa hapa asubuhi, kwa mikono yake miwili, akamfungia kitu kitakachoachia kikipata uzito wa kutosha, na watu waseme kamba ilikuwa mbovu, maskini, na mkewe alie kwenye bega la muuaji.

Akaanza kulifungua. Liligoma. Kucha zikamuuma, akatumia meno. Hata kugoma kwake hakukumwambia kitu, maana mwenye hofu haoni anachokiona, anaona anachokiogopa. Lilipoachia, akazungusha kamba upya kwenye bomba na kuanza kufunga lile la zamani, alilofundishwa. Lakini mikono yake ilikuwa haijawahi kulifunga kwa ajili ya kiuno chake mwenyewe. Na alipokuwa amebakiza kitanzi cha mwisho, kile kinachozuia fundo lisiachie, akasikia nyayo kwenye ngazi.

Akasukuma ncha ndani, akaruka pembeni, akajifanya anakoroga rangi.

Shemeji akatoka na chupa za maji. Akamtazama. Akatazama kijiti cha kukorogea, kilichokuwa kinazunguka kwenye ndoo ya maji masafi ya kuoshea brashi.

"Twende?" Mjusi akasema haraka, akakalia kibao, akavuka ukingo kabla hajajibiwa.

Na safari hii, jamani, alikuwa na raha. Kwa muda mfupi alikuwa Mjusi yule wa zamani. Kamba imefungwa na mtu anayemwamini. Akateremka mpaka kwenye dirisha la ofisi ambapo karani mmoja mwanamke alikuwa anaongea na simu, akainua mkono amgongee kioo.

Kibao kikashuka kidogo, kama upana wa kidole. Mjusi akasimamisha mkono hewani. Kisha kikashuka tena, kwa kiganja. Juu kamba ikalia mlio asioujua.

"Shem," akasema, lakini sauti haikutoka. Karani ndani akamwashiria kwa mkono asogee, anamzibia mwanga.

Kikashuka.

"Shem! Shem! SHEM!"

Kamba ikaachia. Alisikia moyo unabaki juu na mwili unaenda. Ndoo ikampita pembeni, rangi nyeupe ikamfunika uso. Halafu kitu kikamkata kiunoni, mkanda ukamminya pumzi yote, na akasimama. Hakuanguka. Alikuwa ananing'inia mkao wa nguo iliyoanikwa vibaya, kibao kimepinduka, kamba inatetemeka kwa juu kama mshipa. Na kutoka kule juu ilisikika sauti ya mtu anayenguruma bila maneno.

Kizingiti cha dirisha la chini kilikuwa karibu na miguu yake. Akakikanyaga kwa ncha za vidole. Karani wa ghorofa hiyo, mzee wa miwani, alifungua dirisha na kumvuta ndani kwa ukosi, rangi ikamwagikia mafaili yote, na mzee hakusema lolote ila "Kaa chini, mwanangu, kaa chini." Mjusi hakukaa. Alikwenda kwenye ngazi na kupanda akitambaa kwa mikono, akiacha alama nyeupe kila ngazi.

Shemeji alikuwa amekaa chini, nyayo zimebana kwenye ukingo wa paa, kamba imezunguka mgongo wake. Bado ameikamata. Hakuwa amejua kwamba uzito umeondoka.

"Achia, shem. Nipo hapa. Achia."

Vidole havikufunguka. Mjusi akapiga magoti akavifungua kimoja kimoja, na ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Shemeji alitazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine. Kisha akatazama bomba, na mabaki ya fundo yaliyokuwa yamejikunja pale.

"Hili si fundo langu," akasema.

Mjusi akaanza kulia, machozi yanachora mistari kwenye rangi.

"Umelifungua la kwangu."

"Lilikuwa geni, shem. Nilidhani... lilikuwa na vitanzi vingi, sikulijua, nikasema labda..."

"Labda nini?"

Mjusi akajifuta uso kwa mkono wenye rangi.

Shemeji alipoongea, alikuwa anaongea na ile mikono. "Nilijua siku ileile. Bosi aliniambia kwa furaha kabisa, eti una huruma. Usiku sikulala. Na leo asubuhi nimeshika kamba yako, nikawaza. Nisikudanganye, shem, niliwaza. Ni kitanzi kimoja tu, unaweza kukisahau, na hakuna wa kukuuliza." Akavigeuza viganja juu. "Nikajiogopa. Nikalifunga, sikuliamini. Nikalifunga tena juu yake. Nikaongeza na la tatu. Hata ningetaka kulifungua baadaye, nisiweze upesi."

Upepo ulikuwa unapeperusha ganda la chungwa, lile refu, likizunguka kwenye paa. Mjusi alilikodolea macho, maana kumtazama Shemeji usoni hakuweza. Kumbe hofu yake ilikuwa ya kweli. Kitu alichokiogopa kilikuwepo pale asubuhi, kimekaa karibu naye, kimeshika kamba. Na mtu aliyekizuia ndiye huyu, na fundo la kukizuia ndilo lile alilolitafuna kwa meno.

"Na yale maneno?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mbona hukuyasema?"

"Ningesemaje uko nyumbani, mimi nikiwa nawaza hivyo?"

Bosi Kofia akapanda mbio, kofia imekaa upande, akawaamuru wote wawili warudi nyumbani na kufunga kazi ya siku hiyo. Mikono ya Shemeji ikafungwa bandeji mpaka kwenye vifundo vya mikono. Waliondoka jua likiwa bado lipo. Mjusi alibeba vikopo vyote viwili, kimoja kitupu, kimoja hakijafunguliwa. Ile kofia nyekundu aliiacha juu ya meza kibandani, na hakuna aliyemwita airudie.

Walipokaribia nyumbani, Mjusi akauliza, "Tumwambieje?"

"Tumwambieje, mimi na nani?" Shemeji akajibu.

Mke wa Mjusi alifungua mlango kabla hawajabisha, maana habari huwa zinatembea upesi kuliko watu. Alimtazama mume, mweupe wa rangi mpaka kope. Akatazama mikono ya kaka yake. Akaitazama muda mrefu sana.

"Nani kamfanyia kaka yangu hivi?"

Shemeji alipita pembeni yake taratibu, mikono ameiinua mbele kama mtu aliyebeba kitu cha moto, akaingia ndani akaenda kukaa.

Mjusi akabaki nje. Mlango ule una kizingiti kifupi, hakifiki hata nusu ya goti, watoto wanakiruka wakicheza. Alisimama mbele yake, na macho yake, yaliyozoea kutazama mji mzima kutoka juu, yakashindwa kupanda kutoka kwenye miguu ya mkewe. Mkewe alikuwa ameshika mlango. Mkono wake haukuwa umeufungua wala kuufunga.

"Nimekuuliza," akasema.

"Mimi," Mjusi akasema. "Ya leo, na ile ya kushushwa. Zote mimi."

Ndani, Shemeji akakohoa. Mlango haukusogea. Mjusi akasimama palepale, vikopo viwili mkononi, akiusikiliza ule mkono juu ya mbao, kama alivyokuwa akiisikiliza kamba.